Dada yupo kwenye kemo, seli nyeupe zimeshuka. Homa ikija usiku tusubiri asubuhi au twende muda huo huo?

mdogo_mtu:

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo hasa kwa waliowahi kuuguza mgonjwa wa saratani au walio kwenye fani yenyewe.

Dada yangu ana limfoma, yupo kwenye kemo (dawa kali za kuua saratani). Mzunguko wa kwanza ulipita salama, kichefuchefu tu na nywele kuanza kupukutika. Wa pili kapewa wiki iliyopita, juzi kapimwa damu wakasema seli nyeupe zimeshuka sana, kwenye majibu nyutrofili imeandikwa 0.4, tukapewa kikaratasi kinasema joto likifika 38 mleteni haraka, basi, hakuna maelezo mengine mana foleni ilikuwa ndefu na daktari mwenyewe anaonekana kachoka.

Sasa huku nyumbani kila mtu kawa daktari. Kuna anayesema asitoke chumbani kabisa, wageni marufuku na sakafu ipigwe dawa asubuhi na jioni. Kuna anayesema asiguse tunda lolote. Mjomba yeye anasema tununue antibayotiki tuweke ndani, akichemka tu ameze tusihangaike na usiku. Na dada mwenyewe ndo kabisa, hataki kusikia habari ya hospitali usiku, anasema kwani homa si unameza parasetamo inashuka, ikirudi asubuhi ndo tunaenda.

Mimi nimebaki katikati. Hivi kweli 38 tu ndo mtu akimbie usiku wa manane? Mbona sisi wengine tunakaa na homa ya hivo siku mbili tunakunywa maji na maisha yanaendelea. Alafu hao bakteria wanapita wapi kama tumefunga kila mahali? Na hiyo ya antibayotiki za akiba ina ubaya gani hasa? Samahani kwa maswali mengi.

nesi_wa_zamu:

Pole sana kwa kuuguza mdogo wangu. Nipo wodi ya saratani kwa hiyo nakujibu bila kuzunguka: ikifika 38 mnatoka usiku huo huo, na parasetamo HAPEWI mpaka aonwe. Kikaratasi ni kifupi lakini walichoandika ndo chenyewe.

Sababu ni hii. Nyutrofili ndo askari wa kwanza kufika bakteria wakiingia. Mtu mzima wa kawaida anakuwa nazo kuanzia 1.5 kwenda juu, ikishuka chini ya 0.5 tunasema zimeshuka vibaya, dada yako ana 0.4 yaani seli 400 tu kwa kila mikrolita ya damu. Sasa ile unayoiita dalili ya maambukizi, usaha, jipu kuvimba, wekundu, makohozi mazito, vyote hivo sehemu kubwa vinatengenezwa na hizo hizo nyutrofili. Zisipokuwepo mtu anaweza kuwa na nimonia na eksirei ikatoka safi, anaweza kuwa na maambukizi kwenye njia ya mkojo na mkojo usioneshe usaha wowote, kidonda kipo ila hakivimbi. Kinachobaki mara nyingi ni homa peke yake. Ndo mana nakwambia habari ya parasetamo, ukiishusha homa umefuta dalili pekee uliyokuwa nayo na bakteria hawajaguswa.

Wewe ukiwa na 38 una askari wako wanapigana, unaweza kukaa siku mbili. Yeye akiwa na 38 hana. Bakteria kama Pseudomonas aeruginosa, E. coli au Klebsiella wakishaingia kwenye damu ya mtu wa namna hii, kutoka kutetemeka mpaka presha kushuka na kupoteza fahamu ni suala la masaa. Asubuhi ni mbali sana. Ndo mana utaratibu duniani kote ni kwamba mgonjwa wa kemo akifika na homa antibayotiki ya mshipani iingie ndani ya dakika 60, damu ya kuotesha (kuona maabara kama kuna bakteria watakaoota) inachukuliwa kwanza lakini majibu hayasubiriwi kwa sababu yanachukua siku moja na zaidi.

Vitabu vinasema ni homa ikiwa 38.3 kwa kipimo kimoja au 38.0 ikikaa saa nzima, ila vituo vingi vinawaambia wagonjwa 38 tu njoo, msianze kukaa na saa mkononi. Na sio homa tu. Akitetemeka kwa baridi, akianza kuchanganyikiwa, akipumua haraka haraka, mkojo ukipungua sana, au joto likishuka chini ya 36, mnaenda hata kama themometa haijasoma 38. Wazee hasa hawapandishi joto, wanalegea tu na kusinzia.

Themometa ni ya kwapani au mdomoni, kama mdomo una vidonda basi kwapani. Njia ya haja kubwa hapana, na dawa za kuweka huko au kupiga enema hapana pia, mana kale kakwaruzo kadogo tu kanatosha kuwapa bakteria wa kule njia ya kuingia kwenye damu. Hili watu hawaambiwi.

Na mkifika mapokezi msiseme "mgonjwa ana homa", mtakaa kwenye benchi na watu wanaokohoa. Semeni "yupo kwenye kemo, nyutrofili ziko chini, ana homa", hayo maneno matatu kwa pamoja, na mtoe karatasi inayoonesha ni kemo gani na ilichomwa tarehe ngapi. Kipindi kibaya zaidi kwa kemo nyingi ni siku ya 7 mpaka ya 14 baada ya dozi, kwa maelezo yako yumo humo humo sasa hivi.

mdogo_mtu:

Ahsante sana nesi, hapa nimeelewa kuliko siku zote. Namsomea dada na ujumbe wako kabisa. Ila bado kwenye swali la pili, wanatoka wapi? Mana chumba kinanuka dawa kama hospitali na bado mnasema wataingia.

mtu_wa_maabara:

Nijibu hilo mana ndo kazi yangu ya kila siku, naotesha hizo damu.

Jibu litakukera kidogo, wengi wanatoka ndani yake mwenyewe. Utumbo una bakteria wasiohesabika na kwa kawaida wanakaa kule wanafanya kazi zao bila shida. Kemo inaua seli zinazogawanyika haraka, saratani ni mojawapo, nywele nazo ndo mana zinapukutika, na ngozi laini ya ndani ya mdomo na utumbo nayo imo. Ikichunika bakteria wanavuka ukuta wanaingia kwenye damu, na huko hakuna wa kuwapokea. Wanaotokea utumboni ni hao nesi kawataja, wa mdomoni ni jamii ya Streptococcus wanaokaa kwenye fizi na mate. Kwa hiyo mtu mwenye vidonda mdomoni wakati nyutrofili ziko chini huyo mimi namuogopa zaidi.

Njia nyingine ni ngozi, hasa kama ana mpira wa kudumu kwenye mshipa mkubwa. Staphylococcus epidermidis ambaye kwetu sote anaishi kwenye ngozi bila ubaya wowote anapenda sana kujishikiza kwenye ile plastiki. Dalili ya kuangalia ni kutetemeka muda mfupi baada ya mpira kusafishwa au kupitishiwa dawa. Ukiona hivo sema, usikae kimya ukidhani ni baridi.

Sasa kuhusu kupiga dawa sakafu asubuhi na jioni, sisemi mkae na uchafu, ila nguvu hiyo ingeenda kwenye mikono ingesaidia zaidi. Yeye na kila anayemgusa wanawe kwa sabuni, kabla ya kula, baada ya choo, kabla ya kugusa mpira. Wageni sio marufuku, ila mwenye mafua, kikohozi, kuharisha au mtoto mwenye vipele abaki kwao. Kumfungia mtu chumbani wiki nzima asione mtu nako ni ugonjwa mwingine.

Matunda nayo, hii imefanyiwa utafiti zaidi ya mara moja, wagonjwa wakagawanywa, hawa wapikiwe kila kitu na wale wale matunda na mboga mbichi zilizooshwa vizuri, na maambukizi hayakuonesha tofauti ya maana. Sehemu nyingi wamehamia kwenye usafi wa kawaida wa chakula. Osha vizuri, menya inapowezekana, nyama na mayai viive mpaka ndani, maziwa yasiyochemshwa asiguse. Kwenye maziwa mabichi na jibini laini kuna bakteria anaitwa Listeria, huyu ana tabia mbaya ya kuendelea kukua hata ndani ya friji wakati wenzake wamelala, anaingia mpaka kwenye ubongo, na anapenda watu wa aina tatu, wajawazito, wazee na hawa ambao kinga imeshuka. Kwa hiyo kiporo cha siku nne eti kilikuwa kwenye friji, hapana.

Kichwangumu:

Nyie mnatisha watu bure. Mama mdogo kapiga kemo zote mpaka mwisho, akipata homa anameza azithromycin ya dukani siku tatu inaisha, yupo mpaka leo anadunda. Hospitali usiku mtamlaza na watu wenye magonjwa makubwa kuliko yake ndo atapata hao bakteria wenu. Mjomba wako ana akili.

nesi_wa_zamu:

Mshukuru Mungu kwa mama mdogo. Sio kila homa ya kemo ni bakteria, nyingine ni virusi, nyingine ugonjwa wenyewe, nyingine dawa, kwa hiyo wapo wanaopona na maji tu. Shida ni kwamba ukiwa nyumbani huwezi kujua yako ni ipi, na tunaowapokea wamechelewa hawapo humu jukwaani kukujibu.

Hoja yako ya kupata bakteria hospitali ina ukweli ndani yake, ndo mana nimesema asikae benchi. Ila haifanyi kubaki nyumbani kuwa salama.

mtu_wa_maabara:

Kwenye azithromycin hapo mkuu. Hiyo dawa haimsumbui Pseudomonas, amoxicillin nayo haimgusi, na hawa ndo wanaoua haraka. Unakuwa umemeza dawa, moyo umetulia, na yule hatari hajaguswa. Pili ukimeza dozi mbili tatu kabla ya kuja, mimi nikiotesha damu mara nyingi haioti kitu, bakteria wamepigwa kidogo tu hawajafa, kwa hiyo daktari anabaki anabahatisha. Tatu usugu, hao wa utumboni waliobaki ndo waliozoea dawa, na raundi ijayo wakivuka ukuta watavuka wakiwa sugu. Nne kuna mmoja anaitwa Clostridioides difficile, anangoja antibayotiki ziwafagie wenzake utumboni ndo anajaa, kuharisha kwake sio kwa mchezo na mbegu zake hazifi kwa kile kipukusi cha spiriti, lazima sabuni na maji yanayotiririka.

Niongeze tu ili tusidanganyane, wapo wagonjwa wa kemo wanaotibiwa kwa vidonge nyumbani, kawaida ni ciprofloxacin pamoja na amoxicillin yenye clavulanate. Ila hao wamekuja kwanza, wamepimwa, wamepigiwa alama za hatari wakaonekana ni wa hatari ndogo, wengine wanapewa dozi ya kwanza pale pale na kuangaliwa masaa kadhaa kabla ya kuruhusiwa. Na wapo wanaopewa levofloxacin ya kinga kwa sababu daktari anajua nyutrofili zitakaa chini zaidi ya wiki. Yote hayo yanaamuliwa na anayemtibu, sio mjomba.

bila_bandama:

Nimesoma mpaka hapa nikacheka mana mimi NINAZO antibayotiki za akiba kwenye droo na ni daktari aliniambia niziweke. Kwa hiyo mjomba sio kwamba katoa hewani kabisa, ila kachukua utaratibu wa mgonjwa mwingine.

Mimi nilitolewa bandama baada ya ajali. Bandama ndo inachuja damu na kuwakamata bakteria wenye ganda la nje linaloteleza ambao seli nyingine zinashindwa kuwashika. Mkubwa wao ni Streptococcus pneumoniae, halafu yule wa homa ya uti wa mgongo Neisseria meningitidis, na Haemophilus influenzae aina b. Nyutrofili zangu mimi ziko poa kabisa, ukipima damu yangu utasema huyu mzima, ila akiniingia mmoja wa hao naweza kuondoka ndani ya siku moja. Inaanza kama mafua tu, mwili kuuma na kutapika, hata daktari asiyejua historia yako anaweza kukupa dawa ya maumivu na kukurudisha nyumbani. Mimi nilishawahi kurudishwa hivo.

Kwa hiyo maelekezo yangu ni haya, homa ikianza nameza dozi ya kwanza NA natoka hapo hapo naenda hospitali. Nameza ili kununua muda wa njiani, sio nimeze nilale. Hiyo NA ndo watu wanaisahau. Chanjo za hao watatu nimechanja, mwenye kujua atatolewa bandama achanjwe angalau wiki mbili kabla ya upasuaji, sisi wa ajali tunachanjwa baadaye, kawaida kuanzia wiki mbili baada ya upasuaji. Na mbwa akinilamba kidonda au kuning'ata sisubiri kuona, mana kwenye mate ya mbwa kuna bakteria anaitwa Capnocytophaga ambaye kwa watu wengi hafanyi kitu ila kwa sisi anaua.

Wenye sikoseli mpo kundi langu hata kama hamjapasuliwa, bandama inajiziba yenyewe tangu utotoni. Ndo mana watoto wa sikoseli wanapewa penisilini kila siku mpaka miaka mitano. Utafiti wa Marekani uliotoka 1986 ulionesha ile penisilini inapunguza maambukizi makali ya hao wenye ganda kwa asilimia 84, ni dawa ya zamani na rahisi, wazazi msiiruke eti mtoto anaonekana mzima.

mdogo_mtu:

Dah kumbe. Mimi nilidhani kinga kushuka ni kinga kushuka, hakuna cha aina.

miaka_na_lupus:

Aina zipo nyingi sana na humo ndo watu wanapotezana kwa ushauri. Mimi nina lupus (kinga inashambulia mwili wangu mwenyewe), natumia prednisolone muda mrefu pamoja na dawa nyingine ya kushusha kinga, na nikisoma "subiri 38" nasema hiyo kwangu haifai. Prednisolone inashusha homa na uvimbe kwa kazi yake yenyewe. Mtu anaweza kutoboka utumbo na tumbo lisikaze kama inavyotakiwa. Mimi naangalia vitu vingine, uchovu ambao sio wa lupus (ukikaa nao muda unaujua tofauti yake), moyo kwenda mbio nikiwa nimekaa, kikohozi kisichoisha, kidonda kinachokataa kupona.

Kitu cha pili kwa watu wa kundi langu ni TB. Kuna watu wengi wanatembea na bakteria wa TB waliolala mwilini miaka na miaka bila kuumwa, kinga imewazungushia ukuta. Ukianza dawa kali za kushusha kinga, hasa zile sindano za kuzuia TNF (kemikali moja ya kinga) kama infliximab au adalimumab, ukuta unabomoka. Ndo mana kabla ya kuanzishwa lazima upimwe TB iliyolala, na ukikutwa nayo unapewa dawa ya kuizuia kwanza. Mimi nilimeza isoniazid na vitamini B6 pembeni kwa ajili ya ganzi za miguu. Watu wanaruka hiki kipimo kwa sababu "sikohoi". Sasa iliyolala inakohoaje?

Pia kuna mdudu wa kwenye udongo anaitwa Nocardia, anashambulia mapafu na anaweza kupanda mpaka kwenye ubongo, anafanana na TB mpaka watu wanapewa dawa za TB bila nafuu. Sio wa kawaida sana ila kama upo kwenye dawa hizi na TB imetibiwa haisogei, uliza.

La mwisho alafu ninyamaze. Ukiumwa maambukizi USIACHE prednisolone ghafla eti kinga ipande. Ukishaizoea mwili unakuwa umeacha kutengeneza ya kwake, ukikata ghafla katikati ya maambukizi presha inaanguka. Mara nyingi daktari anaipandisha kwa siku chache badala ya kuikata. Zile dawa nyingine za kinga ndo zinaweza kusimamishwa kwa muda, na anayeamua ni anayekutibu.

Kichwangumu:

Sawa nimekubali kwa huyo wa bandama na huyu wa lupus. Wa kemo bado naona mnakuza.

dawa_saa_mbili:

Na sisi wa VVU msitusahau. Kwetu kinachoshuka ni CD4 (aina nyingine ya seli za kinga), na haishuki kwa wiki kama kemo, inashuka kwa miaka, kwa hiyo hatuna hii habari ya kukimbia na masaa kila homa ikija, ila tukichelewa tunachelewa kimya kimya. Chini ya 200 ndo tunaitwa tumefika hatua ya juu ya ugonjwa. Muuaji namba moja wetu ni TB, na ikikutana na CD4 ya chini haiji na makohozi yenye damu, inaweza kuwa kwenye tezi, kwenye uti wa mgongo, au mwili mzima na kifua kwenye picha kikaonekana kizuri. Kila kliniki tunaulizwa mambo manne, kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Watu wanajibu hapana hapana hapana ili watoke mapema. Jamani jibuni ukweli. Na kwa ambaye CD4 ipo chini au anaumwa sana kuna kipimo cha TB cha mkojo kinatoa majibu chini ya nusu saa, ulizeni kama kipo.

Pia Salmonella ile isiyo ya taifodi, ambayo kwa mtu mzima wa afya ni kuharisha siku chache, kwetu inaingia kwenye damu na inajirudia. Septrin wanayotupa kila siku wengi wanaidharau kwa sababu ni dawa ya kawaida, ila inazuia nimonia ya fangasi anayeitwa Pneumocystis, inazuia tokso (kimelea kinachoshambulia ubongo), na bakteria kadhaa humo humo. Na dawa za ARV ndo kinga yenyewe, hizo nyingine zote ni za kushikilia wakati CD4 inapanda.

mdogo_mtu:

Wakuu narudi na mrejesho. Juzi usiku kasoma 38.2, akasema asubuhi, nikamwambia nesi kakataza tukatoka. Nikasema yale maneno matatu mapokezi, kweli hatukukaa, damu imechukuliwa mikono yote miwili, dripu ya dawa imeanza kabla sijamaliza hata kujaza fomu. Homa iliisha siku ya pili. Sasa majibu ya damu yametoka wanasema hakuna kilichoota, eksirei safi, mkojo safi. Dada ananiangalia kwa jicho baya anasema tumelala hospitali bure na sindano zote zile. Je ni kweli hakukuwa na kitu? Na mbona wanaendelea na dawa kama hakuna mdudu?

mtu_wa_maabara:

Mwambie asikukasirikie. Kwenye homa za kemo damu inayootesha mdudu ni sehemu ndogo tu, wengi wanarudi na majibu kama yake. Bakteria kwenye damu wanakuwa wachache na wanapita kwa vipindi, chupa inaweza kuchukuliwa wakati hawapo, au wanabaki kwenye ukuta wa utumbo na kusababisha homa bila kujaa kwenye damu. Kutoota hakumaanishi hakukuwa na kitu, na homa kuisha siku ya pili baada ya dawa nako kunasema jambo ingawa siwezi kuapa. Wanaendelea kwa sababu wanaangalia vitu viwili pamoja, homa iwe imekaa mbali na nyutrofili zianze kupanda, wengi wanapenda zivuke 0.5 ndo waache.

Omba nakala ya majibu uiweke kwenye faili lake, hata hayo ya "hakuna". Na siku kitu kikiota, ile karatasi inayoonesha dawa gani inamuua na ipi haimuui, hiyo ukienda nayo raundi nyingine au hospitali nyingine inaokoa siku nzima ya kubahatisha.

mdogo_mtu:

Zimefika 0.9 leo, wanasema kesho tunatoka. Mzunguko wa tatu wanataka kumuongezea sindano ya kupandisha seli nyeupe, filgrastim. Ina maana hatutakimbia tena usiku? Alafu ana jino limetoboka linamuuma, ang'oe sasa hivi akiwa humu humu? Na chanjo je, mana kuna mtu kasema sote tukachanje.

nesi_wa_zamu:

Filgrastim inauamsha uboho utoe nyutrofili haraka, kwa hiyo kile kipindi cha kuwa chini kinakuwa kifupi na homa zinapungua. Kupungua sio kwisha, sheria ya 38 inabaki vile vile. Inaanza angalau saa 24 baada ya kemo kumalizika, sio siku hiyo hiyo, mkumbushe anayemchoma. Mifupa itamuuma, mgongo na nyonga hasa, hiyo ni kawaida yake, ila asimeze dawa ya maumivu kabla hajapima joto, kila mara.

Jino lisiguswe leo. 0.9 bado ni chini na chembe za kugandisha damu nazo huwa zinashuka kipindi hiki hiki, jino likitolewa atavuja na bakteria wa fizi wanaingia moja kwa moja. Mwambie daktari wake leo kabla hamjaruhusiwa, atapanga siku, kawaida ni karibu na kuanza mzunguko unaofuata wakati hesabu zimerudi, na wanaweza kuusogeza mzunguko kidogo kwa ajili hiyo. Kwa sasa mswaki laini, asukutue kwa maji yenye chumvi kidogo au magadi ya kuokea, na aspirini au ibuprofen asimeze kwa ajili ya hilo jino. Shavu likivimba au homa ikirudi msisubiri hiyo siku iliyopangwa.

Chanjo za virusi au bakteria walio hai kama BCG, surua na homa ya manjano yeye hapewi wakati wa kemo. Ya mafua ya sindano na ya nimonia zinaruhusiwa, ila daktari wake achague wiki. Nyie mnaoishi naye kachanjeni ya mafua, mjomba naye.